Mtoto Anayekimbia Sare: Woga Hufundishwa Vipi, na Huondoka Vipi?

Katika maeneo yetu ya mpakani, askari wanapopita sokoni mara nyingi huona mtoto aliyekuwa akicheza akikimbilia nyuma ya kitenge cha mama yake. Huona pia mtu mzima asiye na kosa lolote akibadili njia ghafla. Wako wanaodhani kwamba mwenye kukimbia ana hatia. Elimu ya saikolojia inafundisha vinginevyo: mara nyingi mwili wa mtu huyo umekwisha kujifunza woga hata kabla akili yake haijaamua lolote. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi mafunzo hayo yanavyotokea, kwa kuwa yanagusa usalama wa watoto wetu.

Msingi wa elimu hii uliwekwa na Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake juu ya usagaji wa chakula mwilini. Katika maabara yake mjini Saint Petersburg, Pavlov alikuwa akipima mate ya mbwa. Akatambua kwamba mbwa walianza kutokwa na mate kabla ya chakula kufika mdomoni, kwa kumwona tu mtu aliyezoea kuwalisha. Ndipo akaanza kuwasikilizisha mlio wa metronomu, yaani chombo kinachogonga mapigo kwa kipimo, na mara baada ya mlio huo akawapa chakula. Alipolirudia jambo hilo mara nyingi, mate yakawa yanatoka kwa mlio peke yake.

Chakula hapo tukiite kichocheo cha asili, kwa maana hakuna anayemfundisha mbwa kutokwa na mate anapokila. Mlio wa metronomu hapo mwanzo haukuwa na maana yoyote kwa mbwa. Ulipoambatanishwa na chakula ukawa kichocheo cha kufunzwa, na mate yaliyotoka kwa sababu yake yakawa mwitikio wa kufunzwa. Mbwa hakukaa akatafakari. Kitu kilichotangulia kilimpa habari ya kitu kinachofuata, na mwili wake ukajiandaa.

Woga nao hufundishwa kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1920 nchini Marekani, John B. Watson na Rosalie Rayner walitangaza jaribio walilomfanyia mtoto mchanga waliyemwita Albert. Hapo awali mtoto huyo hakumwogopa panya mweupe. Alipokuwa na umri wa miezi 11, kila alipomgusa panya, chuma kiligongwa kwa nyundo nyuma yake kwa kishindo. Baada ya marudio machache tu, Albert alilia kwa kumwona panya peke yake. Woga ule ukaenea hata kwa sungura, mbwa na koti la manyoya. Wahenga wetu walilijua hilo zamani waliposema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Jaribio la namna hiyo kwa mtoto halikubaliki katika maadili ya utafiti ya leo.

Sasa tuitazame sare. Kwa yenyewe ni nguo tu, kama ule mlio wa metronomu. Lakini miongoni mwa majirani zetu wako waliokimbia vita mashariki mwa Kongo, ambao waliona nyumba zikichomwa na watu wenye sare na bunduki. Wengine sare iliwajia pamoja na makaripio au kipigo. Na wako watoto ambao hawajaona lolote kati ya hayo, ila kila wanapolia huambiwa, "Nyamaza, polisi atakuja akuchukue." Maneno hayo yakirudiwa kila jioni hufanya kazi ya ile nyundo.

Hasara yake ni kubwa. Mtoto akipotea katika msongamano wa soko la Mpondwe au la Busia, au akivushwa mpaka na mtu asiye mzazi wake, atamkimbia askari ambaye angeweza kumsaidia. Tena huenda akamfuata mwenye nia mbaya, kwa kuwa tu huyo hakuvaa sare.

Je, woga huo huondoka? Pavlov alipouendeleza mlio bila kuleta chakula, mate yalipungua hadi yakakoma. Lakini mbwa alipopumzishwa kisha akasikilizishwa mlio tena, mate yalirudi kwa kiasi. Kwa hiyo mafunzo ya kwanza hufifia bila kufutika kabisa. Mwaka 1924 Mary Cover Jones alieleza jinsi alivyomsaidia mtoto aliyeitwa Peter, aliyemwogopa sungura. Sungura aliwekwa mbali huku Peter akila chakula alichokipenda, kisha akasogezwa kidogo kidogo, mpaka mwishowe mtoto akaweza kumshika. Mtoto huyo hakukaripiwa wala hakulazimishwa.

Sisi wenye kuvaa sare tuna wajibu wa kwanza. Inatupasa kusalimu kabla ya kuuliza hati, kutopaza sauti pasipo haja, na kutoufanya woga wa mtu kuwa ushahidi wa hatia yake. Kofi moja laweza kurudisha woga uliokuwa umefifia kwa miezi mingi. Na aliyeumizwa kweli na askari, woga wake una sababu, wala salamu zetu haziwezi kuchukua nafasi ya haki. Huyo alete malalamiko yake kwa mkuu wa kituo, na akipenda aje na mwenyekiti wa kijiji au mzee anayemwamini.

Wazazi nanyi tunawaomba muache kumtumia polisi kama kitisho cha kulazia watoto. Mfundisheni mtoto jina lake kamili, jina la mzazi na la kijiji chake, na mumweleze kwamba akipotea anaweza kuyataja hayo kwa askari. Mnapokutana nasi njiani, msalimieni askari huku mtoto akiwa mikononi mwenu. Lakini msimsukume atupe mkono. Ikiwa mtoto hushtuka usiku, hukataa kula au hutetemeka kwa muda mrefu baada ya kuyaona mambo ya vita, mpelekeni kituo cha afya, kwa maana woga wa namna hiyo unahitaji mtaalamu.

Siku mtoto atakapotupungia mkono kutoka nyuma ya mama yake, askari na ampungie naye, kisha aendelee na safari yake. Kwa siku hiyo yatosha.