Binti Yangu na Ngazi ya Fundi

Usiku mmoja nikiwa zamu katika wodi ya wazazi, kompyuta zote za hospitali zilikwama kwa pamoja. Mama mmoja alikuwa akitokwa damu nyingi, na majibu ya maabara hayakufika wodini. Ilinibidi nimtume mwanafunzi wa uuguzi akimbie maabara na kurudi na karatasi mkononi. Tunashukuru, mama yule alipona.

Asubuhi alikuja fundi wa mitandao, naye alikuwa binti. Alipanda ngazi, akafungua dari, akafuatilia nyaya moja moja. Kumbe mtu aliona waya unaning'inia, akauchomeka katika tundu lililokuwa karibu. Ncha zote mbili za waya ule zikawa zimeingia katika swichi moja, yaani kile kisanduku kinachounganisha kompyuta. Ujumbe ukazunguka na kujizidisha bila kikomo hadi mtandao mzima ukalemewa.

"Mama, aliyechomeka waya hana kosa," aliniambia. "Kosa ni mtandao kujengwa bila mpango."

Maneno hayo yalinichoma moyo. Wiki ile ile binti yangu aliyemaliza kidato cha sita alikuwa ameniomba ruhusa ya kusomea kazi hiyo hiyo, nami nilikuwa nimemkatalia. "Utapandaje ngazi na sketi?" nilimwuliza. Nilitaka awe muuguzi kama mimi.

Wanafundishwa nini?

Nilimwuliza yule fundi maswali mengi, nikaona kazi yake haiko mbali na yangu. Kwanza, hufundishwa kupanga. Katika chuo au hospitali yenye majengo mengi, kila jengo hupewa njia yake hadi kituo cha katikati. Majengo hayaungwi moja baada ya jingine kama majirani wanaoazimana umeme. Tena kila jengo hutengwa kwa ruta, ili tatizo la huku lisienee kule, kama sisi tunavyomtenga mgonjwa wa kipindupindu.

Pili, hujifunza kuchagua nyaya. Waya wa shaba wa mtandao usizidi mita 100. Kati ya jengo na jengo hutumika faiba, yaani uzi wa kioo unaopitisha mwanga. Kioo hakipitishi umeme, hivyo radi ikipiga jengo moja haisafiri katika uzi huo kwenda kuunguza vifaa vya jengo la pili.

Tatu, hufundishwa kuangalia na kuandika. Programu maalumu huvikagua vifaa kila baada ya dakika chache na kuchora chati, mfano wa chati yetu ya joto la mgonjwa. Kila waya huwekewa lebo, ili anayepokea zamu asianze kubahatisha.

Mafunzo haya yalianzaje?

Mwaka 2009 nyaya kubwa za chini ya bahari zilifika pwani ya Afrika Mashariki. Lakini bomba kubwa barabarani halisaidii kama mabomba ya ndani ya nyumba yamepasuka. Ndiyo maana kituo cha NSRC cha Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, kilichoanza mwaka 1992, kimeshirikiana na vyuo vya Afrika kuwafundisha mafundi wa vyuo hivyo. Darasani, kila kikundi hupewa chuo cha kubuni, wakijenge mtandao wake wenyewe na kuutengeneza unapoharibika. Umoja wa mafundi wa Afrika uitwao AfNOG nao ulianza mafunzo yake mwaka 2000 huko Cape Town, na mwaka 2011 ukakutana Dar es Salaam.

Wanawake je? Mwaka 2004, Dorcas Muthoni wa Kenya alianzisha AfChix, chama cha kuwainua wanawake wa Afrika katika fani ya kompyuta. Mwaka 2014 aliingizwa katika orodha ya heshima ya watu walioijenga intaneti duniani. Naye ni binti wa mama fulani, kama wako na wangu.

Mama, tufanye nini?

Binti yako akipenda hisabati na fizikia, usimcheke. Akiomba kwenda mafunzoni, uliza maswali ya maana: Je, atashika vifaa kwa mikono yake? Nani atamfundisha? Atalala wapi? Ukipata majibu mazuri, mwache aende. Na akirudi amechafuka vumbi la darini, mpe maji ya kuoga na chakula kama ambavyo ungempa kaka yake.

Mimi nilimwomba binti yangu msamaha, kisha tukaenda sokoni pamoja. Nilimnunulia suruali mbili imara za kazi. Baadhi ya akina mama kanisani walininong'ona. Niliwasimulia habari za usiku ule wodini, nao wakanyamaza.