Gari Likigonga Ukingo wa Barabara: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kuendelea na Safari

Gari linapogonga ukingo wa zege, mfano wa zile kingo zinazotenga njia ya mabasi yaendayo haraka katika Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, madereva wengi hushuka, hutazama bampa na rangi, kisha huendelea na safari. Hata hivyo, madhara makubwa ya tukio hilo huwa yamejificha, na baadhi hujitokeza baada ya siku kadhaa.

Sehemu ya kwanza kukaguliwa ni tairi. Gurudumu linapogonga ukingo, tairi hubanwa kati ya rimu na zege, na nyuzi za ndani zinazolipa uimara zinaweza kukatika ilhali mpira wa nje unaonekana mzima. Dalili yake ni uvimbe ubavuni. Tairi la namna hiyo halizibwi bali hubadilishwa, kwani linaweza kupasuka ghafla gari likiwa katika mwendo kasi. Ubavu wa ndani, unaotazama chini ya gari, nao ukaguliwe.

Rimu iliyopinda au kupata ufa huweza kuvujisha upepo polepole. Ili kubaini hali hiyo, maji ya sabuni hupakwa pale tairi linapokutana na rimu. Mapovu yakitokea, upepo unavuja. Aidha, upepo upimwe kesho yake asubuhi kabla gari halijatembea, na kulinganishwa na kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko, ambacho katika magari mengi hupatikana kwenye fremu ya mlango wa dereva.

Baada ya hapo hufuata mfumo wa usukani. Katika barabara iliyonyooka na tambarare, dereva achunguze kwa mwendo wa taratibu iwapo usukani umekaa upande, gari linavuta kushoto au kulia, au kunasikika mtetemo na mlio wa kugonga. Dalili hizo zinaweza kumaanisha kuwa tai rodi, bolijointi au shokapu imeathirika, na gari lipelekwe kwa fundi. Mpangilio wa magurudumu ukiharibika, matairi hulika upande mmoja.

Mwisho, dereva atazame chini ya gari. Iwapo kuna matone ya oili au mafuta ya breki, gari lisiendeshwe. Livutwe hadi gereji.

Wajibu huu ni mzito zaidi kwa dereva wa gari la ofisi, la kukodi au la kuazima. Kumficha mwenye gari tukio hilo ili kukwepa lawama ni kumkabidhi hatari mtu mwingine, ambaye huenda kesho yake akasafiri na familia yake kwa tairi lililokwisha kuharibika bila yeye kujua. Gharama ya tairi moja ni ndogo kuliko thamani ya uhai.