Gari lenye njaa halitibiwi kwa kubahatisha

Maradhi yanayowasumbua wengi wa wenye magari makuukuu humu nchini ni yale ambayo mafundi wetu huyaeleza kwa maneno mawili tu: "Mafuta hayafiki." Gari huondoka nyumbani vizuri, likaenda kilomita kadhaa bila kisa, kisha likaanza kukohoa, likapoteza nguvu na hatimaye likazima kando ya barabara. Likipumzishwa kwa nusu saa, huwaka tena kana kwamba halikuwa na neno. Aghalabu dawa inayotolewa ni moja: kabureta nyingine. Mwenye gari huinunua, hulipa ufundi, na juma linalofuata hujikuta pale pale alipokuwa, ila mfuko wake umekuwa mwepesi zaidi.

Kauli hiyo ya mafundi si ya uongo, lakini haitoshi. Inataja tokeo bila kutaja mahali. Nayo lugha yetu haikupungukiwa na vitenzi vya kuieleza safari nzima ya petroli: hutoka tangini, huvutwa na pampu, hupita katika mirija na chujio, kisha huingia kaburetani. Kila kitenzi kina mahali pake na kipuri chake. Fundi anayesema "haitoki" na mwenziwe anayesema "haiingii" hawasemi jambo moja, wala hawapaswi kumtuma mteja dukani kununua kitu kimoja. Ninadai kwamba kipuri kisinunuliwe kabla ya fundi kutaja kitenzi.

Natuchukue mfano wa gari ambalo Wakenya wanalifahamu sana, Peugeot 504. Lilianza kuundwa Ufaransa mwaka 1968, likashinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978, na kwa miaka mingi likawabeba abiria wa masafa marefu nchini. Yale yenye kabureta yana pampu isiyotumia umeme. Mkono wake husukumwa na injini yenyewe, nao huvuta na kuachilia utando wa mpira. Mtambo huo hauna makuu, na unafanana na ule wa Datsun na Toyota nyingi za enzi hizo.

Kabla ya kuifuata safari ya petroli, yafaa tuhakikishe kwamba ugonjwa wenyewe ni njaa. Injini hutaka petroli, hewa na cheche ya umeme. Umeme ukikatika, aghalabu injini hunyamaza ghafla kama taa iliyozimwa. Petroli ikipungua, injini hufa polepole: hukohoa, hushtukashtuka, na hukataa mlima ilhali kwenye tambarare ilikuwa ikienda. Hata hivyo, koili iliyochoka nayo huweza kulizima gari likipata joto na kuliacha liwake likipoa. Kwa hivyo cheche ikaguliwe pale pale gari lilipozimia.

Tena upo ugonjwa ulio kinyume cha njaa, nao ni kuvimbiwa. Gari lililorekebishwa kabureta Mombasa, kwenye usawa wa bahari, likipandishwa hadi Nairobi, takriban mita 1,700 juu, hukuta hewa nyepesi zaidi. Petroli huwa nyingi kuliko hewa iliyopo, moshi mweusi ukatoka na nguvu zikapungua. Dereva huuona udhaifu huo akadhani ni njaa. Plagi ndizo zitakazotoa ushahidi. Zikifunguliwa mara baada ya injini kulegea, masizi meusi makavu yanaonyesha shibe, na weupe uliopauka unaonyesha njaa. Choki nayo ni shahidi wa pili. Kazi yake ni kupunguza hewa ili petroli izidi. Ikivutwa nusu wakati injini inapolegea, nayo injini ikapata nguvu, basi ilikuwa na njaa.

Kituo cha kwanza cha safari ni tangi. Tusiidharau hatua ya kutazama kama lina petroli, kwani geji za magari ya kale zina mazoea ya kudanganya. Kisha uangaliwe mfuniko. Mfuniko wa tangi la zamani una kitundu cha kupitishia hewa, maana petroli ikitoka sharti hewa iingie kushika nafasi yake. Kitundu hicho kikizibwa na vumbi, au mwenye gari akinunua mfuniko usio na kitundu baada ya ule wa kwanza kuibwa, ombwe hutokea tangini na pampu hushindwa kuvuta. Gari likipumzika, hewa hupenya kidogo kidogo, nalo huwaka tena. Kipimo chake hakigharimu senti: legeza mfuniko mara tu gari linapozima. Ukisikia hewa ikifyonzwa kwa nguvu, na gari likawaka papo hapo, kabureta haina hatia.

Lakini tangi lina hila nyingine. Kutu na takataka zilizolala chini huvutwa hadi kwenye mdomo wa mrija zikauziba. Injini ikizima, mvuto hukoma nazo huanguka chini. Ndiyo maana dalili ya kupumzika na kuwaka haitoshi peke yake kumtambulisha mkosaji.

Kituo cha pili ni pampu, na hapa kuna kipimo kinachoigawa safari mara mbili. Wakati ugonjwa ungali upo, mrija unaoingia kaburetani hufunguliwa na mdomo wake ukaelekezwa ndani ya chupa. Waya mwembamba unaopeleka umeme kwenye koili huondolewa ili pasiwe na cheche, kisha stata hupigwa. Petroli yapasa kuruka kwa mapigo yaliyo sawa. Ikiruka hivyo, tangi, mirija na pampu vina afya, na uchunguzi uendelee mbele. Ikidondoka tu, uchunguzi urudi nyuma.

Wa kurudi nyuma huanzia kwenye chujio, ambalo bei yake ni ndogo na hubadilishwa kwa dakika chache. Kisha hukagua mipira iliyo kati ya tangi na pampu. Mpira uliopasuka upande huo si lazima uvuje. Huweza kuvuta hewa badala ya petroli bila kuacha tone chini ya gari. Mwisho ni pampu yenyewe. Utando wake ukitoboka, petroli huweza kushuka hadi kwenye oili ya injini. Ukichomoa kijiti cha kupimia oili ukakuta imezidi na inanuka petroli, usiliendeshe gari hilo, kwa kuwa oili iliyochanganyika hivyo hailindi vyuma.

Joto nalo lina sehemu yake. Mrija ukipitishwa karibu na bomba la moshi, petroli huchemka ndani yake ikawa mvuke ambao pampu haiwezi kuusukuma. Nyanda za juu huongeza balaa hilo, kwa sababu kila tupandapo ndivyo vinywevu huchemka kwa joto dogo zaidi. Kitambaa kilicholowa maji baridi kikiwekwa juu ya pampu na gari likawaka, jibu limepatikana. Tiba ni kuuhamisha mrija na kuirudisha ile kinga ya bati ambayo fundi fulani aliitoa na kuisahau.

Ni baada ya hayo yote ndipo zamu ya kabureta ifikapo. Ndani yake mna boya linalopanda petroli ikijaa na kuisukuma sindano ifunge njia. Sindano ikikwama ikiwa imefunga, au tundu la kupitishia petroli likizibwa na uchafu, njaa hutokea mlangoni mwa injini. Hata hapo, kinachotakiwa mara nyingi ni kusafisha tu. Na tundu hilo lisafishwe kwa hewa, wala si kwa waya, kwa maana waya hulipanua, na gari lililokuwa na njaa likavimbiwa.

Huenda msomaji akauliza mambo haya yanamhusu nini asiye na gari kuukuu. Yanamhusu, kwa kuwa hulipanda au hulifuata barabarani. Anayeifahamu barabara ya Mai Mahiu ipandayo ukingo wa Bonde la Ufa anajua maana ya pikapu iliyojaa viazi kuzima kwenye kona, huku malori yakishuka na mengine yakipanda nyuma yake. Njaa ya petroli hujidhihirisha zaidi mlimani, pale injini inapodai petroli nyingi, napo ndipo pabaya zaidi pa kusimama.

Tiba za kubahatisha nazo huua. Wako wanaoimiminia kabureta petroli kwa kifuniko cha chupa huku mwenzao akipiga stata. Injini hupiga mwako wa kurudi nyuma na uso wa mtu ukaungua. Wako wanaofyonza petroli kwa mdomo. Wako pia wanaofunga mtungi wa plastiki karibu na injini, wakaunganisha mpira na kuendelea na safari. Mtungi huo unafaa kama kipimo cha muda mfupi, gari likiwa limesimama na mtu akiushika mbali na joto. Kuufanya tangi la kudumu ni kubeba moto pamoja na abiria.

Lipo jambo la mwisho. Sheria zetu haziruhusu kuingizwa nchini kwa magari yaliyozidi miaka 8, na hayo yanayoingia hupimwa kwa mashine za kusoma hitilafu. Fundi kijana aliyezoea mashine hiyo hapati mahali pa kuichomeka katika 504. Ujuzi wa kulichunguza gari la kabureta umo vichwani mwa wazee wa jua kali, na haujaandikwa vya kutosha kwa lugha wanayoitumia kazini. Vyuo vyetu vya ufundi vingefanya jambo la maana kuwaita wazee hao na kuyaandika maneno yao pamoja na mbinu zao, wangali nasi.

Mwenye gari naye ana wajibu wake. Aendapo gereji asiseme tu kwamba gari "linasumbua". Aseme lilizima baada ya kilomita ngapi, lilikuwa moto au baridi, lilikuwa likipanda au kwenye tambarare, lilikufa ghafla au polepole, na lilichukua muda gani kuwaka tena. Kisha fundi akimjibu kwamba mafuta hayafiki, amuulize kwa adabu: "Fundi, hayatoki, hayavutwi, hayapiti, au hayaingii?" Asipopata jibu, afadhali pesa zake zibaki mfukoni hadi uchunguzi ufanywe.