Usaili wa Mtendaji wa Kijiji (3): Ukiitwa Mahojiano

Sehemu ya kwanza ya mfululizo huu ilihusu barua ya maombi, ya pili ikaeleza mtihani wa mchujo. Leo tunaingia kwenye mahojiano ya ana kwa ana, hatua ya mwisho kabla ya kupangiwa kituo. Nimeendelea na mfano uleule wa Mtendaji wa Kijiji Daraja la III, kwa sababu ni nafasi ambayo halmashauri zetu, za Mbinga na ya Nyasa, huitangaza kibali cha ajira kinapopatikana, na ni nafasi ambayo vijana wa huku huiomba kwa wingi wakiamini kwamba wanaijua.

Aliyefika hatua hii asijidharau. Juni 2014 watu zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kusailiwa kwa nafasi 70 za Uhamiaji. Mwanzoni mwa 2025 Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma iliendesha usaili wa walimu ambao waombaji wake walizidi 200,000, na nafasi hazikufika 15,000. Mchujo umeshapima kama umesoma. Wanaokusubiri chumbani wanataka kujua jambo jingine kabisa: ukikabidhiwa kijiji kesho asubuhi, utaanzia wapi?

Lakini kabla ya chumba kuna mlango, na mlangoni hukaa mtu mwenye orodha anayetaka kuona vyeti. Hapa ndipo wengi huishia. Tangazo la kuitwa usaili hudai vyeti halisi: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita kama unacho, na cha taaluma. Hati ya matokeo ya muda haipokelewi, wala nakala iliyopigwa mhuri. Kitambulisho nacho ni lazima, kiwe cha Taifa, cha mpiga kura, leseni ya udereva au hati ya kusafiria.

Balaa kubwa ya huku kwetu ni majina. Mtoto amebatizwa kwa jina moja, ameandikishwa shule kwa jingine, na karani aliyejaza fomu akaandika Ndungulu badala ya Ndunguru kwa sababu ndivyo alivyosikia. Herufi moja hiyo inatosha kukurudisha nyumbani. Anayejua kwamba majina yake yanatofautiana atafute mapema hati ya kisheria ya kubadili jina na aisajili, au arekebishe cheti cha kuzaliwa kupitia RITA. Kazi hiyo haimalizwi kwa siku mbili, na simu ya kumlilia mjomba aliyeko Songea haitaiharakisha.

Safari nayo ipangwe. Msailiwa hujigharamia nauli, chakula na malazi. Lami ya kilomita 66 kati ya Mbinga na Mbamba Bay imeondoa mateso ya zamani, lakini anayetoka ndani, Liparamba au Ngumbo, anajua mvua za Januari zinavyofanya barabara za udongo. Fika siku moja kabla, ulale kwa ndugu. Kuhusu mavazi sitasema mengi: nguo safi iliyopigwa pasi, viatu vilivyofungwa, basi. Hakuna jopo linalotoa alama kwa suti ya kuazima.

Ndani utakuta watu watatu hadi watano, kila mmoja na karatasi yake ya alama. Wagombea wa kada moja huulizwa maswali yaleyale, na kila msaili hujaza alama zake. Kwa hiyo anayekutazama bila kutabasamu huenda hana neno nawe, anaandika tu. Salamu? “Shikamooni” moja inawatosha wote, hata kama mmoja wao mnalingana umri. Usizunguke meza kushika mikono mpaka upewe mkono. Keti ukiambiwa.

Swali la kwanza karibu kila mara ni la kujieleza, na vijana hulijibu kwa kusoma wasifu wao kuanzia darasa la kwanza. Jopo lina wasifu wako mezani. Dakika mbili zinatosha kusema wewe ni nani, umesomea nini, umewahi kufanya kazi gani inayohusiana na hii, na kwa nini unaitaka.

Baada ya hapo huja kiini chenyewe. Tangazo la kazi lina orodha ya majukumu, na kwa mtendaji wa kijiji orodha hiyo huanza kwa kusema kwamba yeye ni afisa masuuli na mtendaji mkuu wa serikali ya kijiji. Inaendelea: kusimamia ulinzi na usalama wa raia na mali zao, kuratibu mipango ya maendeleo, kutafsiri na kusimamia sera, sheria na taratibu, kuwa katibu wa mikutano na kamati za halmashauri ya kijiji. Wengi huyakariri majukumu haya kama sala, wakaulizwa swali moja la maisha na yote yakapotea.

Tuchukue mfano ambao mwenyeji wa mwambao hawezi kusema haujui. Tangu lami ifike na ujenzi wa bandari ya Mbamba Bay uanze, viwanja vya ufukweni vimekuwa dhahabu. Jopo linakuuliza: “Umeripoti kijijini, unakuta mwenyekiti amemgawia mgeni ekari kadhaa za ufukwe bila kuitisha mkutano. Utafanya nini?”

Mmoja atasema atamfukuza mgeni. Mwingine atampigia simu mkuu wa wilaya siku hiyohiyo. Wa tatu, na huyu ndiye ananitia hofu zaidi, atasema mwenyekiti ndiye mkubwa wa kijiji, hivyo hana la kufanya. Wote watatu hawajui kiti wanachokiomba. Mwenyekiti ni kiongozi aliyechaguliwa na wanakijiji. Wa sasa walipigiwa kura tarehe 27 Novemba 2024. Mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri, katibu na mshauri wa chombo ambacho mwenyekiti anakiongoza. Hana mamlaka ya kumwondoa mwenyekiti, lakini pia haruhusiwi kunyamaza.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inakataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Anayelijua hilo ana pa kuanzia. Ataomba daftari la mihtasari aone kama jambo hilo liliwahi kujadiliwa. Atamweleza mwenyekiti faraghani, kwa heshima, sheria inasemaje. Atapendekeza ajenda iletwe kwenye halmashauri ya kijiji na hatimaye mkutano mkuu. Akikataliwa, ataandika ushauri wake kwa maandishi na kumtaarifu mtendaji wa kata na mkurugenzi. Jibu la namna hii lina ngazi, na jopo linapenda kusikia ngazi kwa sababu ndivyo serikali inavyotembea.

Ikiwa swali ni la ugomvi wa mpaka kati ya wakulima wawili, usiseme utaamua nani mwenye haki. Kijiji kina baraza la ardhi la watu 7, ambao 3 kati yao ni wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Wewe utawaelekeza wahusika huko na kuhakikisha baraza lipo na linakutana. Vivyo hivyo kwa sheria ndogo: kijiji kinaweza kuzitunga, lakini haziwi na nguvu mpaka halmashauri ya wilaya iziidhinishe. Nawashauri waombaji waisome Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982 angalau sehemu zinazohusu kijiji. Si ndefu kama watu wanavyodhani. Humo utaona kwamba halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25. Jua pia kwamba mkutano mkuu, wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, huitishwa kila baada ya miezi mitatu, na humo ndimo mapato na matumizi husomwa hadharani.

Afadhali zaidi, nenda ukauone. Mkutano wa kijiji chako hauna kiingilio. Keti nyuma, sikiliza wazee wanavyomhoji mtendaji juu ya mchango wa darasa ambalo halijapauliwa, tazama anavyojibu au anavyokwepa. Asubuhi moja ya namna hiyo inafundisha kuliko madaftari ya maswali na majibu yanayouzwa stendi. Kisha mtafute mtendaji mstaafu, umwombe akusaili kwa sauti kubwa, mbele ya watu wawili watatu. Wazee hawa wana hadithi nyingi na kazi chache; hawatakufukuza.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera. Jopo likiuliza, “Una uzoefu gani?”, kijana wetu huinamisha kichwa na kusema hana, amekuwa nyumbani tu. Mdodose kidogo: msimu wa kahawa aliandika uzito wa mifuko kwenye AMCOS. Anatunza daftari la kikoba cha mama yake, na wanachama wanamwamini kwa sababu hesabu haijawahi kupotea. Ni katibu wa jumuiya ndogondogo parokiani. Agosti 2022 alikuwa karani wa sensa, akapanda na kushuka vilima vya Litembo na kishikwambi mkononi, kaya kwa kaya. Huyo ndiye asiye na uzoefu? Kuandika mihtasari, kutunza fedha za watu, kuingia kwenye kaya na kuuliza maswali ya siri bila kuleta ugomvi, hizo zote ni kazi za mtendaji wa kijiji. Ziseme kwa mpangilio: palikuwa na tatizo gani, wewe ulifanya nini, mwisho wake ukawaje. Na usiongeze chumvi, kwa sababu swali la pili litachimba palepale.

Uenyeji nao ni mtaji kama utautumia kwa akili. Ukiulizwa utaongezaje kipato cha wananchi, usihubiri ujasiriamali kwa jumla. Kama unaomba upande wa milimani, unaijua magoma: mkulima anabanwa na njaa au ada ya mtoto, anauza kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa, na mavuno yakifika si yake. Eleza kwamba karipio la mtendaji halitaimaliza, maana mkulima anahitaji fedha sasa. Zungumzia akiba za vikoba, mikopo ya chama cha ushirika, na mikutano ya kuwaonyesha watu hesabu ya wanachopoteza. Kama unaomba upande wa ziwani, utaulizwa juu ya wanaovua usipa kwa vyandarua vya mbu. Hapo wataje watu utakaofanya nao kazi, yaani kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi na afisa uvuvi, kabla hujataja faini. Angalizo: vituo hupangwa na mwajiri. Mmatengo anaweza kupelekwa Chiwanda na Mnyasa akapandishwa Mapera, kwa hiyo asikwambie mtu ujibu kana kwamba kijiji chenyewe ni cha babu yako.

Maswali ya maadili hayakosekani. Kanuni za maadili ya utumishi wa umma zina misingi 8, miongoni mwake kutoa huduma bora, kutoa huduma bila upendeleo, uadilifu na matumizi sahihi ya taarifa. Kuitaja yote ni vizuri, ila tegemea kuulizwa: “Shangazi yako anataka umwandikie barua ya utambulisho kama mkazi, naye haishi hapo.” Jibu fupi la ukweli linashinda hotuba.

Halafu kuna simu ile. Siku mbili baada ya mahojiano mtu asiyejulikana anapiga, anakutajia jina lako lote na namba ya usaili, anaomba fedha “za kuwaona wakubwa”. Orodha za wasailiwa hubandikwa hadharani, hivyo kukujua si ushahidi wa chochote. Usitume hata shilingi. TAKUKURU wanapatikana kwa namba 113, bila malipo.

Mwisho wa mahojiano huulizwa kama una swali. Uliza juu ya kazi: kijiji gani hakina mtendaji kwa muda mrefu, usimamizi wa miezi ya mwanzo ukoje. Mshahara umeshaandikwa kwenye tangazo. Ukifaulu na nafasi zikawa zimejaa, jina linaweza kuhifadhiwa kwenye kanzidata likisubiri nafasi nyingine, kwa hiyo simu yako iwe hewani na namba usiibadilishe. Na ukipangiwa kituo, unaanza na miezi 12 ya majaribio kabla ya kuthibitishwa kazini. Makabidhiano ya ofisi, hasa kitabu cha stakabadhi ambacho mtangulizi wako amekiacha nusu, tutayaeleza katika sehemu ya nne.