Tusimame Kidogo, Mwalimu

Hapa Cibitoke, mjini Bujumbura, saa nane mchana joto la Imbo hutulemea, nasi tumebanana wanne dawati moja. Macho yako ubaoni, akili imelala. Si uvivu tu. Mtu akikaa kitako muda mrefu, damu hutuama miguuni. Misuli ya tafu ikifanya kazi ndiyo huisukuma irudi moyoni.

Nafasi ya kukimbia hatuna. Basi husimama papo hapo, tukainua visigino mara 20, tukanyosha mikono, tukakaa. Dakika 2 hazipiti. Wengine husema mchezo huo unakula masomo. Je, kusinzia saa nzima hakuyali, nasi tunangoja mtihani wa Serikali? Mwalimu naye huinua visigino, maana asipofanya, zoezi hugeuka kelele.