Mvua Zinapoanza, Tusimwache Mwenzetu Peke Yake

Wasafiri wengi hupita Mkiwa bila kushuka garini. Hapo ndipo njia panda, wilayani Ikungi, mkoa wa Singida, ambapo barabara itokayo Dodoma kwenda Singida mjini huachana na ile iendayo Itigi, Rungwa na hatimaye Mbeya. Msafiri apitaye mwezi wa Oktoba huona vumbi, mashamba matupu na mbuzi wanaotafuta majani kwenye vichaka vilivyokauka. Akipita tena mwezi wa Januari hudhani amepotea njia. Mtama na uwele vimeota, alizeti imechomoza, na watoto wanachuma mlenda kando ya mashamba.

Kwetu sisi watu wa nyanda za kati, hayo ndiyo majira ya kuchipua. Wenzetu wa Ulaya huyapata kati ya Machi na Mei, baridi kali ikishapita. Sisi nchi yetu hufa kwa kiangazi na kufufuka kwa mvua. Nayo mvua ni ya msimu mmoja tu kwa mwaka: huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, ikaisha Aprili au mwanzoni mwa Mei.

Ni majira ya furaha, na furaha hiyo huingia hata kanisani. Mvua ikichelewa tunaitana kuiombea. Ikinyesha tunashukuru. Katika sharika nyingi mbegu huletwa mbele ya madhabahu ziombewe kabla ya kupandwa. Hata hivyo, akina mama wenzetu, liko jambo moja ambalo hatulisemi sana katika ibada hizo, ingawa kila mwenye jiko analijua: nchi inapokuwa ya kijani, ndipo ghala linapokuwa tupu.

NJE KIJANI, NDANI HAMNA KITU

Tuifanye hesabu pamoja. Chakula tulichovuna kati ya Mei na Julai ndicho kinachopaswa kutufikisha kwenye mavuno yanayofuata. Familia inayotumia kilo 2 za unga kwa siku huhitaji kilo 60 kwa mwezi. Kuanzia Desemba mpaka mwisho wa Machi ni kilo 240 na kidogo, yaani karibu magunia mawili na nusu ya kilo 100. Ni nyumba ngapi zenye magunia hayo siku ya Krismasi? Mengine yaliuzwa Julai kwa bei ndogo ili kulipa deni, sare za shule na matibabu. Mengine yaliliwa na dumuzi. Mengine, tuseme kweli, yaliishia kwenye sherehe na pombe.

Mama aliyeishiwa unga afanye nini? Huamka alfajiri akaenda kupalilia shamba la mwenye nacho, ili apate unga wa siku hiyo. Jioni anarudi amechoka, mtoto mgongoni. Shamba lake mwenyewe linamngoja, lakini magugu hayamngoji. Mtama usiopaliliwa wiki za mwanzo hudhoofika, wala mvua ya mwishoni haiwezi kuurudishia nguvu zote. Ifikapo Juni atavuna kidogo, na Januari ijayo atakuwa kibarua tena. Hivyo njaa ya mwaka huu inazaa njaa ya mwaka ujao. Wala si kwa sababu mama huyo ni mvivu. Pengine amelima kuliko sisi sote, ila amelima kwa watu.

Ndiyo maana debe moja la nafaka linalomfikia Januari lina thamani kuliko gunia zima linalomfikia Agosti. Debe la Januari linamwezesha kubaki shambani kwake siku zile chache zinazoamua mavuno ya mwaka mzima. Msaada una majira yake kama mbegu ilivyo na majira yake.

Lakini mama huyo mara nyingi hasemi. Kwanza hukosekana kwenye mazoezi ya kwaya. Kisha hukosekana kwenye ibada ya akina mama ya katikati ya wiki. Mwishowe hata Jumapili hatumwoni. Nasi tunanong'onezana kwamba amepoa kiroho. Kumbe pengine hana sabuni ya kufulia gauni lake, au anaona haya kupita mbele ya chombo cha sadaka akiwa mikono mitupu. Kiswahili kina neno kwa mtu wa namna hiyo, nalo linafanana na jina la kijiji tulichokitaja. Mkiwa ni mtu aliyebaki peke yake, asiye na wa kumwegemea. Usharika wa Kristo haupaswi kuwa na mkiwa ndani yake.

MZEE WA KANISA HUHESABU NYUMBA

Katika jambo hili tunaweza kujifunza kwa ndugu zetu Wapresbiteri. Hapa Tanzania ni wachache. Watu wa Singida wanawajua zaidi Wakatoliki, Wapentekoste na Walutheri, ambao wamisionari wao kutoka Marekani walifika nyanda hizi miaka ya 1920. Lakini kwa jirani zetu wa Kenya, Wapresbiteri ni kanisa kubwa. Lilitokana na kazi ya wamisionari wa Skotlandi walioanza Kibwezi mwaka 1891, wakahamia Kikuyu mwaka 1898, kisha wakafungua Tumutumu mwaka 1908. Umoja wa akina mama wa kanisa hilo, unaojulikana kwa jina la Woman's Guild, ulianza mwaka 1922.

Jina la Wapresbiteri latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mzee. Kanisa lao huongozwa na wazee waliochaguliwa, wakiketi pamoja na mchungaji. Wala mzee hachaguliwi ili apate kiti cha mbele. Waumini hugawanywa kwa mitaa, na kila mzee hukabidhiwa nyumba zake za kuzitunza. Anatakiwa ajue nani anaugua, nani amejifungua, nani amefiwa. Kwa maneno mengine, hahesabu watu waliokuja kanisani tu, bali huhesabu na nyumba ambazo hawakutoka.

Utaratibu huu una umri mkubwa. Mwaka 1541 John Calvin alipoandika kanuni za kanisa katika mji wa Geneva, alitaja huduma nne: wachungaji, waalimu, wazee na mashemasi. Mashemasi ndio waliopewa kazi ya kuwatunza maskini na wagonjwa. Na asili ya kazi hiyo ni ya zamani kuliko Calvin. Tukisoma Matendo 6:1-6 tunakuta manung'uniko katika kanisa la kwanza kabisa: wajane wa upande mmoja walikuwa wakisahauliwa katika mgao wa chakula wa kila siku. Mitume hawakusema kwamba hilo ni jambo dogo la jikoni. Waliwaambia waumini wachague watu saba, wenye sifa njema na waliojaa Roho, walishughulikie. Ushemasi, basi, ulianzia kwenye chungu cha mjane.

MFUNGO KATIKA MIEZI YA NJAA

Aidha, tukumbuke kalenda yetu ya kanisa. Jumatano ya Majivu huangukia kati ya tarehe 4 Februari na 10 Machi. Yaani Kwaresima hutukuta pale pale vyungu vilipo vitupu. Mama anayekula mlo mmoja kwa sababu hana wa pili, tumwambie nini juu ya kufunga?

Nabii Isaya ametujibu (Isa. 58:6-7). Mfungo anaoutaka Mungu ni kufungua vifungo vya uonevu, kumgawia mwenye njaa chakula, na kutojificha mbele ya ndugu yetu. Kwa hiyo mwenye akiba akifunga, unga ambao hakuupika siku hiyo una mwenyewe. Aupime, aufunge kwenye kitambaa, aupeleke. Kama alikula pungufu lakini unga ukabaki ghalani mwake, amepunguza matumizi tu, hajafunga. Tena mjamzito na anayenyonyesha wasijinyime chakula kwa jina la mfungo, maana wanakula kwa ajili ya wawili.

Katika majira hayo hayo huja Siku ya Maombi ya Dunia, Ijumaa ya kwanza ya Machi. Mizizi yake inarudi nyuma mpaka mwaka 1887, wakati mama mmoja Mpresbiteri wa Marekani, Mary Ellen James, alipowaita wanawake kutenga siku ya maombi. Tangu mwaka 1927 siku hiyo imekuwa ya dunia nzima, nayo huunganisha wanawake wa madhehebu mengi. Kila mwaka ibada hutayarishwa na akina mama wa nchi moja. Mwaka 2026 ilikuwa zamu ya Nigeria, na somo lilikuwa Mathayo 11:28-30, mahali Bwana anapowaita wanaolemewa na mizigo ili awapumzishe. Tunaamini hakuna neno linalomfaa zaidi mama mwenye jembe mkononi mwezi wa Machi. Lakini Bwana hupenda kuwapumzisha watu wake kwa kutumia mikono ya wengine.

MAMBO MATATU YA KUFANYA PAMOJA

Kwanza, tuzihesabu nyumba. Kabla ya mvua, kikundi cha akina mama kigawane nyumba za mtaa, kila mama nyumba nne au tano. Amtembelee mwenzake kama jirani, asiende kama mkaguzi. Aingie jikoni, amsaidie kuchambua mboga, na macho yake yatamwambia mengine bila kuuliza. Atakayoyaona asiyapeleke kisimani. Siri ya jiko la mwenzetu ikishatangazwa, hatatufungulia mlango tena.

Pili, tulime kwa zamu. Kulima kwa pamoja si jambo geni kwetu. Wazazi wetu walilimiana, na kidole kimoja hakivunji chawa. Akina mama kumi wakiingia katika shamba la mjane kwa asubuhi moja, humaliza palizi ambayo ingemchukua siku nyingi. Tuanze na wajane, wagonjwa na waliojifungua karibuni. Asiyeweza kushika jembe apike uji au aangalie watoto wa wengine kivulini.

Tatu, tuwe na ghala la akina mama. Wakati wa mavuno kila mama alete debe moja la mtama au mahindi. Akina mama 30 ni madebe 30, na debe la mahindi ni kama kilo 18, hivyo ghala huwa na kilo 540. Nafaka ikaushwe vizuri na kuhifadhiwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ili dumuzi wasiwe wa kwanza kula. Ghala liwe na kufuli mbili, na funguo zikae kwa akina mama wawili wasio wa nyumba moja. Kila debe liandikwe daftarini likiingia na likitoka. Januari na Februari mwenye shida akopeshwe, arudishe debe lake baada ya kuvuna. Asiyeweza kabisa kurudisha, mzee wa kanisa na mashemasi waamue asamehewe, na jina lake lisisomwe mbele ya watu.

Hapo tunahitaji pia kuzungumza na baba wa nyumbani. Maneno mengi katika ndoa huzuka Februari, wakati chakula kimekwisha na kila mmoja anamlaumu mwenzake. Mazungumzo yenye faida ni ya Juni, kabla gunia la kwanza halijapakiwa kwenye lori. Tuketi naye kwa upole, jioni akiwa ameshakula, tumwonyeshe hesabu: siku ngapi, kilo ngapi, magunia mangapi yasiuzwe kamwe. Baba aliyeshirikishwa katika hesabu huwa mlinzi wa ghala. Akiba haiozi.

PASAKA NA CHAKULA KIPYA

Pasaka huja kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili. Huko Ulaya huja pamoja na maua ya kwanza. Kwetu huja pamoja na maboga, majani ya kunde, mahindi mabichi na uwele unaoanza kukomaa. Miezi ya kungojea inafikia mwisho. Yakobo alimsifu mkulima angojaye kwa saburi mvua ya kwanza na ya mwisho (Yak. 5:7), na sisi tunajua saburi hiyo ina uzito gani pale watoto wanapouliza chakula.

Asubuhi ya Pasaka tutaimba sote kwa nguvu. Lakini tutazame pia nani ameketi kwenye mabenchi. Kama yule mama aliyekuwa anatoweka Januari yupo, gauni lake limefuliwa, na shamba lake limepaliliwa kama mashamba yetu, basi usharika wetu nao umechipua. Na kama kiti chake ni kitupu, tusingoje ibada nyingine ya mbegu. Ibada ikiisha, tuchukue boga la kwanza na mahindi mawili matatu, twende kwake siku hiyo hiyo.

Mungu azibariki mvua zenu, na vyungu vyenu visikauke.

YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Ni nani katika mtaa wetu hajaonekana kanisani tangu mvua zianze, na ni nani kati yetu aliyekwenda kwake?

2. Nyumbani kwangu tunahitaji magunia mangapi kutoka Desemba hadi mwisho wa Machi? Je, mimi na mume wangu tumeshakaa tukahesabu?

3. Someni Matendo 6:1-6. Usharika wetu hugawaje msaada, na nani anaweza kuwa anasahauliwa?