Gari Linakuja Lini? Utangulizi wa Elimu ya Taarifa za Usafiri wa Umma

Simama Dagoretti Corner saa kumi na mbili unusu asubuhi, uso ukiuelekeza upande wa Ngong, nawe utasikia swali moja likiulizwa kwa namna nyingi. Mwanafunzi mwenye begi zito anamuuliza kamagera, mpiga debe wa steji, "Hii inafika tao?" Mama mmoja anauliza, "Ni ngapi?" na kabla hajajibiwa ameshaanza kuhesabu sarafu. Wa tatu haulizi kitu. Ananyoosha shingo tu kuona kama ile inayoteremka kule ni gari la njia ya 111 au ni la shule. Watu hawa watatu tayari wamo ndani ya elimu tunayoifungua katika kurasa hizi. Tunauliza abiria anahitaji kujua nini, nani anakijua, na simu iliyo mfukoni mwake imfikishie vipi habari hiyo kabla gari halijampita.

Jirani na steji hiyo, kando ya Barabara ya Ngong, yapo makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Humo hurushwa puto lenye vifaa vya kupima joto, unyevu na upepo wa juu, na kituo chenyewe kina nambari inayotambulika dunia nzima, 63741. Mimi huwaanzisha wanafunzi wangu hapo, mbele ya lango la watu wa mvua. Huwa wanashangaa. Wengi huja darasani wakidhani kazi yetu ni kuchukua ratiba ya mabasi na kuitia kwenye simu, kama mtu anavyopiga picha ukurasa wa kitabu. Nairobi haina ukurasa huo. Gari la hapa linafanana na mvua kuliko linavyofanana na treni: lina majira yake, lina dalili zake, mzoefu huliona kabla halijafika, lakini hakuna aliyetia sahihi kwamba litakuwa hapo saa moja na dakika nne. Basi ujuzi tunaoutafuta ni wa mtabiri.

Haikuwa hivi siku zote. Kampuni ya kigeni ilianzisha mabasi ya jiji mwaka 1934, na mwaka 1966 ikawa Kenya Bus Service (KBS), halmashauri ya jiji ikishika robo ya hisa. Kampuni moja, karakana moja, mtu wa kulaumiwa mmoja. Matatu zilikuwako pembeni, zikikimbia askari, hadi mwaka 1973 Rais Kenyatta alipoziruhusu zibebe watu bila leseni maalumu. Stagecoach ya Uingereza ilinunua hisa za KBS mwaka 1991, na kufikia 1998 ilikuwa imeuza na kuondoka. Siwalilii; foleni za siku hizo nazikumbuka. Ninachotaka mgeni wa somo hili akione ni kwamba jiji lilipohama kutoka mwendeshaji mmoja hadi maelfu ya wenye magari, halikupoteza mabasi. Lilipoteza ofisi moja inayojua mabasi yote yako wapi.

Wakati huohuo, kwingineko duniani, ofisi za namna hiyo zilikuwa zikianza kuongea na kompyuta. Mwaka 2005, shirika la usafiri la Portland, Marekani, lilishirikiana na Google kuweka ratiba zake katika mafaili mepesi ya maandishi: faili la vituo, faili la njia, faili la safari, faili la saa ambazo kila safari inagusa kila kituo. Mpangilio huo ndio GTFS, na utakutana nao katika karibu kila sura. Uzuri wake ni wepesi. Mtu yeyote anayejua kujaza jedwali anaweza kuuandika, na programu yoyote inaweza kuusoma. Lakini ulizaliwa Portland, na unamwamini mwandishi wake kama watu wa Portland wanavyoamini vibao vyao. Unauliza kituo kinaitwaje, ukidhani kina jina moja. Unauliza gari litafika saa ngapi, ukidhani limeshaamua kuondoka.

Sasa njoo nao Nairobi. Kuanzia mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa Columbia na MIT na kampuni ndogo iitwayo Groupshot, walianza mradi wa Digital Matatus. Chombo chao kikuu kilikuwa simu. Wanafunzi walipanda matatu njia baada ya njia, kutoka mwanzo wa ruti hadi mwisho, simu ikipokea mahali walipo kutoka kwa setilaiti, na kila gari liliposimama wakaandika jina la mahali na kama pana alama yoyote ya kituo. Kazi ya miguu, kwa kweli, ingawa waliifanya wameketi. Walikusanya zaidi ya njia 130, zilizokuwa zimehifadhiwa kwa miaka mingi katika vichwa vya madereva na makondakta peke yao.

Jambo la majina linastahili tukae nalo kidogo, maana ndipo wanafunzi wengi hujikwaa. Chukua jina Dagoretti. Ipo Dagoretti Corner, njia panda ya Barabara ya Ngong na ile ya Naivasha. Ipo Dagoretti Market, mbali zaidi upande wa magharibi. Na yapo maeneobunge mawili, Kaskazini na Kusini, yanayobeba jina hilohilo. Mwenyeji husema "Corner" tu na anaeleweka, kwa sababu ameshapanda gari la njia hiyo na muktadha umemaliza kazi. Mashine haina muktadha. Mgeni akiandika "Dagoretti" kwenye simu yake, programu isiyofunzwa vizuri itamshusha penye soko wakati mwenyeji wake anamsubiri kwenye kona. Tena steji za Nairobi huchukua majina ya vitu vilivyo karibu, na vitu hufa. Duka hufungwa, hoteli hubadili mwenyewe, mti hukatwa. Jina hubaki midomoni mwa makondakta kwa miaka. Je, mkusanya data aandike jina la kibao kipya au lile linaloitwa mlangoni? Mimi nimekata shauri zamani: andika linaloitwa, kisha weka la kibao pembeni. Abiria hashuki kwa kibao. Anashuka kwa kuita.

Matokeo ya mradi ule yalitolewa bure kwa umma Januari 2014, pamoja na ramani iliyochorwa kwa mtindo wa ile ya reli ya chini ya London: mistari ya rangi, kila rangi ikifuata barabara kuu moja. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuitazama Nairobi ya matatu kwa jicho moja, na jambo ambalo kila mpanda gari alilijua mwilini likaonekana kwenye karatasi: karibu kila mstari unakimbilia katikati ya jiji, na ni michache inayounganisha mtaa na mtaa. Agosti 2015 njia hizo ziliingia kwenye ramani za Google, nayo Nairobi ikawa jiji la kwanza ambalo mfumo wake usio rasmi wa usafiri ulionekana humo. Baadaye miji mingine ya Afrika, Kampala na Accra ikiwamo, ilichorwa kwa njia za namna hiyo.

Lakini lile faili la saa lilijazwaje, ikiwa hakuna saa? Hapo GTFS ina mlango wa nyuma. Badala ya kuandika kwamba gari linafika saa fulani, unaweza kuandika kwamba kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi hupita moja kila baada ya dakika kadhaa. Ni wastani, na wastani una hila yake. Tufanye hesabu kidogo. Tuseme magari sita ya 111 yanapita Corner kwa saa moja. Yakifuatana sawasawa, kila baada ya dakika 10, abiria anayefika wakati wowote atangoja dakika 5 kwa wastani. Sasa tuseme ni magari yaleyale sita, lakini yanapita mawili mawili: pengo la dakika 2, halafu la dakika 18, halafu la 2, halafu la 18. Bado ni sita kwa saa, na bado wastani wa pengo ni dakika 10. Ila abiria ana nafasi tisa katika kumi za kuangukia lile pengo refu, na kungoja kwake kwa wastani kunakuwa dakika 8.2. Ukiongeza kwamba gari la kwanza baada ya pengo refu hufika limeshajaa huko Karen, utaelewa kwa nini abiria na jedwali hukosana. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alipima kitu tofauti.

Ndiyo maana, baada ya ramani, watu walianza kutafuta habari za papo hapo. Ma3Route, huduma iliyoanzishwa na Laban Okune mwaka 2012, ilipita njia rahisi yenye akili: iliwaacha wasafiri wenyewe waseme. Aliyekwama Ngong Road anaandika, aliye nyuma yake anasoma na kukata kona. Humo kila abiria ni kituo kidogo cha hali ya hewa. Udhaifu wake ni uleule wa kila umbea mzuri: habari huwa nyingi penye watu wenye bando, na huwa chache pale gizani ambapo ungezihitaji zaidi.

Na habari ya papo hapo ikiwa mbovu, ni afadhali isiwepo. Niliwahi kusimama pale Corner jioni nikiitazama programu moja, siitaji, ikiniambia gari liko dakika 4. Likawa dakika 4 kwa robo saa nzima, mpaka nikagundua programu ilikuwa inanisomea jedwali, wala haikuwa na jicho barabarani. Siku hiyo nilielewa vizuri zaidi utafiti uliofanywa Seattle na kuchapishwa mwaka 2011, ulioonyesha kwamba abiria asiye na habari hudhani amengoja muda mrefu kuliko aliongoja kweli, na mwenye habari sahihi kwenye simu haoni urefu huo wa ziada. Taarifa huufupisha muda moyoni hata kama gari halijaongeza mwendo. Lakini sharti iwe ya kweli.

Kwa nini basi kila matatu isibebe kifaa cha kutangaza mahali ilipo? Vifaa vipo, na wenye magari wengi wameshavifunga. Wamevifunga kumchunga dereva. Dereva ana hesabu ya siku ya kumpelekea tajiri wake, na mbinu zake za kuitimiza, kukatisha njia ya mkato au kugeuza kabla ya mwisho wa ruti, hataki zionekane na kila mtu. Anayebuni programu bila kumfikiria dereva na konda atajifunza walichojifunza Google na Equity Bank. Kadi yao ya nauli, BebaPay, ilianza mwaka 2013 na kufungwa mwaka 2015, katika nchi ambayo M-Pesa ilikuwa imeshawazoeza watu pesa za simu tangu 2007. Pesa taslimu ndizo zinazolipa kamagera, chai na mafuta papo hapo, na kadi haikuwa na jibu kwa hayo. Sura ya tano nimeiandika karibu yote kuhusu konda. Wahakiki wawili walinishauri niifupishe, nikakataa.

Limebaki swali la yule mama mwenye sarafu. Vitabu vingi vya somo hili, vikiandikwa mbali, huanza na saa. Nairobi swali la kwanza mara nyingi ni bei, na bei hupanda na kushuka: asubuhi moja, mchana nyingine, na mvua ikianza kunyesha hupanda mbele ya macho yako, konda akiitangaza upya mlangoni. GTFS ina faili la nauli, ila faili lenyewe halijui wingu. Wanaojua wingu wanakaa jirani na steji, na kwa miaka mingi hakuna aliyevuka barabara kuwauliza. Mwanafunzi atakayeunganisha mambo hayo mawili, mvua inayotarajiwa na nauli itakayofuata, akayapeleka kwa ujumbe mfupi hata kwenye simu ya kitufe, atakuwa ametoa kitu ambacho Portland haikuwahi kukihitaji.

Kabla hujafungua sura ya kwanza, nina zoezi. Nenda Dagoretti Corner na daftari, ukae saa moja. Andika dakika ambayo kila 111 ya kwenda mjini inapita, kama ilisimama, kama ilikuwa na nafasi, na nauli iliyoitwa. Kisha rudia ile hesabu ya mapengo kwa nambari zako mwenyewe, maana kitabu kizima kitakuwa kikizirejelea. Nilipolifanya mara ya mwisho ilikuwa Aprili, na ukurasa wangu ulilowa kabla ya gari la tatu. Beba mwavuli.